Kijani Si Rangi Moja: Kiswahili na Ufundi wa Kuchora Msitu kwa Matabaka ya Rangi

1.0 Utangulizi

Neno kijani limetokana na jani. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, basi, kusema kwamba msitu ni wa kijani ni karibu sawa na kusema kwamba majani yana rangi ya majani. Katika mazungumzo ya kila siku kauli hiyo haina kasoro. Kasoro hujitokeza pale mwanafunzi wa sanaa anapoketi mbele ya turubai akiwa ameagizwa kuchora msitu. Akilifuata neno, atafungua tyubu moja ya rangi ya kijani, ataieneza juu ya turubai yote, na mwishowe atapata kitu kinachofanana na ukuta uliopigwa rangi. Kina hakitakuwapo, hewa haitakuwapo, wala mtazamaji hataona njia ya kupita kati ya mti na mti.

Mhadhara huu unaeleza jinsi mchoraji anavyoujenga msitu kwa matabaka ya rangi na kwa mipigo ya brashi. Wakati huohuo unachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuubeba ufafanuzi huo bila kuazima kila neno. Hoja yake kuu ni kwamba upungufu unaodaiwa kuwapo katika msamiati wa rangi wa Kiswahili ni upungufu wa majina, ilhali ufundi wa kuchora msitu hukaa zaidi katika vitenzi. Na katika vitenzi Kiswahili kina akiba kubwa ambayo waundaji wa istilahi hawajaitumia ipasavyo. Mfano utakaotumika kuipima hoja hiyo ni kazi za Emily Carr (1871–1945), mchoraji wa pwani ya magharibi ya Kanada, ambaye misitu ilikuwa mada yake kubwa katika miaka ya mwisho ya uchoraji wake.

2.0 Majina ya Rangi katika Kiswahili

Kisarufi, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vinavyotaja rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi huchukua viambishi vya upatanisho kama vivumishi vingine: mti mweusi, jani jekundu, kitambaa cheupe. Aidha, kila kimoja kina kielezi kiigizi chake cha kutilia mkazo: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Rangi nyingine hutajwa kwa njia ya kufananisha au kwa maneno ya mkopo. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na chungwa ni tunda pia. Nili na buluu zimetoka nje. Katika maduka ya vitambaa na kwa mafundi cherehani orodha hiyo huongezwa kila siku: husikika rangi ya damu ya mzee, rangi ya ugoro, rangi ya maziwa. Kamusi nazo zimehifadhi chanikiwiti, neno la kijani cha majani mabichi, ingawa wazungumzaji wengi wa leo hawalitumii.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao kuhusu majina ya msingi ya rangi. Walikusanya taarifa za lugha 98, na kati ya hizo lugha 20, Kiswahili kikiwamo, zilichunguzwa moja kwa moja kupitia wazungumzaji wake. Walidai kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi huwa na jina la weupe na jina la weusi. Yakiwa matatu, la tatu huwa wekundu. Kisha hufuata kijani au manjano. Nadharia hiyo imehakikiwa na kurekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Hata hivyo, vivumishi vitatu vya Kiswahili vinaoana vizuri na ngazi za mwanzo za mpangilio wao.

Linalofaa kuangaliwa zaidi ni upana wa maana ya vivumishi hivyo. Wingu linaloitwa jeusi kwa kawaida ni la kijivu. Ng'ombe mwekundu hana rangi ya damu. Ana rangi iliyo karibu na kutu. Udongo mwekundu wa mashamba ni wa hudhurungi. Mahali pa wazi pasipo kificho huitwa peupe, na usiku unapokwisha husemwa kwamba kumekuwa kweupe. Mifano hii inaonyesha kwamba -eupe na -eusi hutaja nuru na giza zaidi ya kutaja rangi moja mahususi, na kwamba -ekundu hutaja kundi zima la rangi ambazo wachoraji huziita rangi za joto. Jambo hili litahitajika tena panapoelezwa kazi ya tabaka la kwanza na la pili.

3.0 Ugumu wa Msitu kwa Mchoraji

Mandhari ya bahari au ya mbuga humpa mchoraji mstari wa upeo. Juu yake ni anga, chini yake ni maji au ardhi, na vitu vilivyo mbali huonekana vidogo. Ndani ya msitu mstari huo haupo. Macho hukutana na mashina, matagaa, mizizi na majani yaliyorundikana, na rangi ya vyote hivyo huonekana kuwa moja. Mchoraji anakabiliwa na maswali mawili: atautengaje mti wa karibu na mti wa mbali, na atakionyeshaje kijani bila kijani kumchosha mtazamaji?

Jibu la swali la pili huanza kwa kulitazama jani lenyewe. Jani moja huweza kuonyesha kijani cha namna tatu kwa wakati mmoja. Upande unaoakisi anga huwa mweupe wenye ubuluu. Sehemu ambayo mwanga unaipenya kutoka nyuma huwa na umanjano unaong'aa. Sehemu iliyo kivulini huwa na weusi. Zidisha tofauti hizo kwa umri wa majani, tangu chipukizi hadi jani pevu na jani kavu, kisha ongeza kuvu la mashina na unyevu wa ardhi. Hapo hubainika kwamba kijani cha msitu ni jamii ya rangi nyingi, na neno moja limezifunika zote.

Pamoja na hayo, rangi haionekani kwa upweke wake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya Gobelins jijini Paris, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zinazopakana hubadilishana sura machoni mwa mtazamaji. Kijani kikiwekwa kando ya wekundu, kila kimoja huonekana kikali zaidi. Kikiwekwa kando ya kijani kingine, vyote viwili huweza kupooza. Ndiyo maana mchoraji wa msitu hawezi kufanikiwa kwa kijani peke yake. Huhitaji wekundu kidogo, na wekundu huo mara nyingi huwekwa mahali ambapo mtazamaji hautambui mara moja.

Swali la kina hujibiwa kwa hewa. Mti ulio mbali hutenganishwa na jicho kwa hewa nyingi, hasa panapokuwa na ukungu. Kwa hiyo weusi wake hupungua, rangi yake huelekea ubuluu, na kingo zake hulainika. Mti wa karibu huwa na giza kubwa zaidi, mwanga mkali zaidi na kingo kali zaidi. Pasipo mstari wa upeo, umbali huonyeshwa kwa kufifisha, na kwa kuliacha umbo moja lifunike sehemu ya umbo jingine.

4.0 Matabaka ya Rangi

Uchoraji wa msitu kwa rangi za mafuta huweza kuelezwa kwa matabaka manne. Wachoraji hutofautiana katika utaratibu, na wengine hurukaruka kati ya tabaka na tabaka, lakini mantiki ya kazi ni hii.

Tabaka la kwanza ni rangi ya chini. Turubai nyeupe hufunikwa kwa rangi ya udongo mwekundu au kahawia iliyozimuliwa sana, ikawa nyembamba kama maji ya kunde. Kazi yake ni mbili. Huondoa weupe wa kitambaa, ambao ungepenya kati ya majani na kuonekana kama makovu. Na huweka chini ya kijani chote ule wekundu uliotajwa na Chevreul. Baadaye, kila mahali ambapo brashi itaacha mwanya mdogo, joto hilo litachungulia.

Tabaka la pili ni la giza. Mchoraji hapaki miti, hupaka vivuli. Huyakusanya mashina na majani ya kivulini katika maumbo makubwa machache, bila kujali ni mti gani unaanzia wapi. Rangi nyeusi ya tyubu aghalabu huepukwa kwa kuwa huonekana kama tundu. Badala yake buluu nzito huchanganywa na kahawia au wekundu mpaka ipatikane rangi yenye giza na uhai. Tabaka hili hupakwa jembamba, kwa sababu giza lililo jembamba huonekana lina kina, ilhali giza lililokandikwa hung'aa kwa mafuta na kuuleta uso wa picha mbele.

Tabaka la tatu ni la kijani cha kati. Hapa ndipo mwanafunzi wengi wao wangetaka kuanza. Mchoraji hutayarisha kijani cha aina tatu au nne kwenye kibao chake: kimoja chenye manjano, kimoja chenye buluu, kimoja kilichopoozwa kwa wekundu kidogo, na pengine kimoja cha manjano na nyeusi, ambacho hutoa kijani cha ugoro. Vijani hivyo hupishana juu ya giza bila kulifunika lote.

Tabaka la nne ni la mwanga. Rangi nzito yenye nyeupe au manjano hukandikwa mahali pachache tu ambapo jua limefika. Katika tabaka hili pia hufunguliwa matundu ya anga: vipande vidogo vya rangi ya anga huwekwa juu ya majani yaliyokwisha kupakwa, na matagaa huonekana kwa kuzungukwa. Mwanga ukisambazwa kila mahali, hakuna mahali patakapokuwa na mwanga.

Kanuni moja ya kikemia huyaongoza matabaka yote. Rangi ya mafuta hukauka polepole, na yenye mafuta mengi hukauka polepole zaidi. Ikiwa tabaka la chini lina mafuta mengi kuliko la juu, la juu litakauka kwanza, kisha litapasuka wakati la chini likiendelea kusogea. Kwa hiyo tabaka lenye mafuta machache hutangulia, na lenye mafuta mengi hufuata.

Mpangilio huu unarudisha mjadala kwenye vivumishi vitatu. Kabla ya kijani chochote, mchoraji hushughulika na wekundu wa udongo, kisha weusi wa kivuli, huku akihifadhi mahali pa weupe wa mwanga. Yale ambayo Kiswahili huyataja kwa vivumishi vyake vya asili ndiyo yanayotangulia katika fikra ya mchoraji. Yale yanayotajwa kwa mfano wa vitu huja katikati ya kazi, juu ya msingi huo. Ulinganifu huu usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba Waswahili huona rangi kwa namna ya pekee. Thamani yake ni ya kufundishia: mwalimu anayemwambia mwanafunzi "tafuta kwanza weusi na weupe wa msitu" anatumia maneno ambayo mwanafunzi anayo tangu utotoni, na anamweleza jambo sahihi kitaalamu.

5.0 Mkono, Brashi na Vitenzi

Kiswahili hutumia kitenzi chora kwa shughuli kadhaa: kupiga mistari kwa kalamu, kunakshi juu ya mti, na kutengeneza picha za rangi. Kitenzi hicho hubeba wazo la mstari. Mwanafunzi anayeambiwa "chora msitu" huanza na mistari ya mashina, kisha hujaza kati yake. Kitenzi paka hakina mstari. Kina eneo na kina kitu laini kinachotandazwa juu ya kingine. Kwa msitu wa matabaka, paka hueleza kazi kwa usahihi zaidi, ingawa jina la taaluma limebaki uchoraji. Hata neno pakana, linalofanana nacho kwa umbo, huweza kumsaidia mwalimu: rangi zinapopakana ndipo zinapobadilishana sura.

Zaidi ya paka, lugha ina vitenzi vya jikoni, vya ujenzi na vya shambani vinavyoeleza mipigo ya brashi kwa uwazi ambao istilahi ya kuundwa haiufikii kwa urahisi:

(a) Zimua ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitilia maji. Hufaa kwa rangi ya chini.

(b) Kandika ni kupaka udongo mzito kwenye ukuta wa nyumba ya miti. Hufaa kwa mwanga uliowekwa kwa kisu au kwa brashi iliyojaa.

(c) Buruta hueleza brashi iliyokaribia kukauka inapopitishwa juu ya tabaka kavu, ikaacha rangi kwenye nundu za kitambaa na kuyaacha mabonde yake. Gome la mti hupatikana hivyo.

(d) Donoa, kama afanyavyo kuku, ni kugusa kwa ncha ya brashi na kuinua mara moja. Majani machache ya mbele huhitaji mguso huo. Yakidonolewa yote, msitu hugeuka vumbi la nukta.

(e) Kwangua na pangusa huondoa rangi badala ya kuiongeza. Tabaka la juu likikwanguliwa likiwa bichi, la chini hurudi kuonekana.

Kauli za vitenzi huongeza usahihi huo. Funika na funua, bandika na bandua, huonyesha jinsi kiambishi kimoja kinavyolipindua tendo. Na uchoraji wa matabaka kwa hakika ni kufunika na kufunua kwa zamu. Kolea ni hali ya rangi. Koleza ni tendo la mtu. Fifia hutokea, fifisha hufanywa. Kwa jozi hizo mwalimu huweza kutenganisha kosa la rangi na kosa la mkono: "kijani hiki kimekolea" ni maelezo, "umekikoleza mno" ni hukumu juu ya uamuzi wa mwanafunzi.

Vitenzi vya hali navyo vina tofauti zisizopaswa kupotea. Nguo huchujuka kwa kufuliwa, ukuta hupauka kwa jua na vumbi, taa hufifia mafuta yakipungua, na hina hukolea ikikaa vya kutosha mkononi. Kijani kilichochujuka, kilichopauka na kilichofifia ni vijani vitatu, kila kimoja kikiwa na historia yake. Mti wa mbali umefifia. Nyasi za kiangazi zimepauka. Mchoraji anayezijua tofauti hizo hatatumia nyeupe ileile kuzionyesha zote.

6.0 Mfano wa Emily Carr

Emily Carr alizaliwa Victoria, katika Kisiwa cha Vancouver. Alisoma sanaa San Francisco, kisha Uingereza, na mwaka 1910 na 1911 alikuwa Ufaransa, ambako alijifunza kutumia rangi kali zisizoiga maumbile moja kwa moja. Aliporejea alizuru vijiji vya watu wa asili wa pwani ile na kuzichora nguzo zao za kuchongwa. Kazi hizo hazikumpatia riziki. Kwa takribani miaka 15 alichora kidogo na kuendesha nyumba ya wapangaji. Mwaka 1927 picha zake zilionyeshwa Ottawa, akakutana na Lawren Harris na wenzake wa kundi la wachoraji lililojulikana kwa jina la Group of Seven. Alikuwa na umri wa miaka 55. Baada ya hapo msitu ulianza kuchukua nafasi kubwa katika kazi yake.

Misitu yake ya mwanzo wa miaka ya 1930 imejengwa kwa uzito. Katika Forest, British Columbia, picha ya takriban mwaka 1931 na 1932, majani hayakudonolewa hata kidogo. Yamekusanywa katika maumbo makubwa yanayoning'inia kama mapazia mazito, yakifunikana moja juu ya jingine, na mashina yamesimama kama nguzo za jengo. Kina kimepatikana kwa kufunikana huko, na kwa mwanga unaotokea ndani kabisa ya picha. Giza lake lina kahawia na buluu. Mtazamaji anayetafuta majani hayaoni, ila anauona msitu.

Kuanzia mwaka 1932 hivi alibadili vifaa. Alianza kuzimua rangi za mafuta kwa petroli, akiichanganya na rangi nyeupe ya kupakia nyumba, na kupaka juu ya karatasi za manila zenye bei nafuu. Vifaa hivi vilikuwa vyepesi kubeba hadi msituni, rangi ilikauka upesi, na karatasi haikumfanya aogope kuharibu. Brashi sasa ilienda kwa mkono mzima kutoka begani. Mipigo ilikuwa ya kufagia, ikipanda na mashina na kuzunguka na anga, na ukahawia wa karatasi uliachwa wazi kati ya mpigo na mpigo, ukifanya kazi ileile ya rangi ya chini. Umaskini wa vifaa ulimfundisha kasi, na kasi hiyo baadaye aliihamishia kwenye turubai. Gharama yake ilikuwapo pia: karatasi ya aina hiyo hugeuka rangi kwa kadiri inavyozeeka, na rangi iliyozimuliwa mno hukosa mafuta ya kuishikilia vizuri.

Matokeo ya mabadiliko hayo yanaonekana katika picha ya mafuta ya mwaka 1935 iitwayo Scorned as Timber, Beloved of the Sky, iliyo katika hazina ya Vancouver Art Gallery. Eneo lililochorwa limekatwa miti. Umebaki mti mmoja mrefu, shina lake jembamba, majani machache kileleni, ambao wakata mbao waliuacha kwa kuwa haukuwa na faida. Anga imepakwa kwa mipigo inayozunguka na kutawanyika kutoka kwenye kilele hicho, kiasi kwamba hewa yenyewe inaonekana kuusogelea mti. Ardhi imefagiwa kwa mapana. Shina limeburutwa juu. Mwanga umekolezwa pale tu majani yanapokutana na anga. Hisia ya picha imetoka kwenye mwelekeo wa brashi. Uso wa binadamu haumo, wala ishara yoyote ya huzuni iliyoongezwa kwa nje.

Jina la picha hiyo ni mtihani mzuri kwa mfasiri. Kwa Kiswahili huweza kuwa "Uliodharauliwa kama Mbao, Uliopendwa na Mbingu". Kiingereza hakikutaja mti; msomaji hulazimika kuukisia kutokana na neno la mbao. Katika Kiswahili kiambishi u- cha upatanisho huashiria ngeli ya mti, ya mwerezi na ya msitu wenyewe, na hivyo mti unaingia katika jina bila kutajwa. Uchaguzi kati ya anga na mbingu nao una uzito. Anga ni ya macho; mbingu hujumuisha ya macho na ya imani. Mfasiri akichagua mbingu, ameongeza tabaka moja la maana juu ya rangi iliyopo, na anapaswa kujua kwamba ameliongeza.

7.0 Nafasi ya Karakana katika Uundaji wa Istilahi

Orodha za istilahi aghalabu hupanga nomino: jina la kifaa, jina la mbinu, jina la mtindo. Kazi hiyo ni ya lazima, na taasisi za Kiswahili zimeifanya katika nyuga nyingi. Hata hivyo, katika sanaa ya mikono nomino iliyoundwa mezani huweza kubaki bila mtumiaji, kwa kuwa fundi hafikiri kwa nomino. Hufikiri kwa tendo linalofuata.

Tanzania ina mfano wa karibu. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi zing'aazo za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mtindo uliobeba jina lake umeendelezwa na wanafunzi wake na wanafunzi wao, na ushirika wa wachoraji hao uliundwa mwaka 1990. Rangi ya nyuma hupakwa kwanza na kuachwa ikauke. Kisha huwekwa maumbo ya wanyama na miti. Mwisho hufuata madoa na mistari ya juu. Utaratibu huo ni wa matabaka, ingawa kusudi lake ni tofauti na la Carr, maana huitaka rangi iliyo bapa na kingo zilizo wazi. Ujuzi hupita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi kwa kutazama na kwa maneno, na maneno hayo ni ya Kiswahili.

Kwa upande mwingine, shule za sekondari za Tanzania zimefundisha kwa Kiingereza. Kijana mwenye kipaji huweza kujua vizuri namna ya kukoleza na kufifisha rangi, kisha akashindwa kueleza jambo hilohilo katika mtihani kwa sababu ameulizwa kwa nomino asizozijua. Hapo hasara ni ya pande mbili. Mwanafunzi hupoteza alama, na lugha hupoteza maelezo ambayo yangeweza kuandikwa. Maarifa ya karakana yasipoingia vitabuni, huondoka na wenyewe.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba utafiti wa istilahi za sanaa uanzie karakanani na uanze na vitenzi. Mtafiti aandike kinachosemwa pale rangi inapozimuliwa, inapokandikwa au inapokwanguliwa, pamoja na kauli zote za kila kitenzi. Nomino zitafuata zenyewe kwa njia za kawaida za uambishaji: kutoka kandika hupatikana ukandikaji, kutoka funika hupatikana ufunikaji. Istilahi ya namna hiyo itakuwa na mzizi ambao mtumiaji anaufahamu kabla ya kufunguliwa kamusi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba msitu katika picha hujengwa kwa wekundu wa chini, weusi wa kivuli, kijani kinachopishana na weupe wa mwanga, na kwamba mkono unaoyaweka matabaka hayo huongozwa na matendo yenye majina katika Kiswahili cha kila siku. Majina ya rangi peke yake hayatoshi katika lugha yoyote. Carr aliichora mierezi na misonobari ya Kanada. Mwanafunzi wa Lushoto ana misitu ya Usambara yenye ukungu, na wa Rufiji ana mikoko inayosimama katika matope yanayoakisi anga. Majina ya miti hiyo hayafanani, na kijani chake hakifanani. Lakini mti wa mbali hufifia kote, kivuli hukolea kote, na tabaka la chini huchungulia popote brashi ilipoacha mwanya. Mwalimu anayeweza kuyasema hayo kwa Kiswahili, na kumfanya mwanafunzi ayaone kabla ya kuifungua tyubu ya kijani, ameshafundisha sehemu kubwa ya somo.